Mbao za Ubavu

Mama hakuwa mwoga wa kufa. Alichokiogopa, na alikisema waziwazi hata mbele ya wageni huku akimimina chai, ni jeneza lake kutolewa kwenye hema. Baba alipofariki tulimfanyia ibada kanisani kwetu Njiru, pembeni mwa Nairobi, kabla ya kumsafirisha ushago, kijijini kwetu kule magharibi, na kanisa letu wakati huo lilikuwa turubai lililotandazwa juu ya kiwanja cha udongo mweusi. Mvua ikaja katikati ya mahubiri. Maji yakakusanyika kwenye turubai, juu kabisa ya jeneza, turubai likashuka tumbo, kisha likamwaga yote kwa pamoja. Wanawake walivua leso zao wakafuta jeneza la baba mbele yetu. Waliobaki waliimba kwa nguvu ili tusisikie maji yakidondoka. Mama hakulia siku hiyo. Alikasirika, na ile hasira akakaa nayo miaka.

“Mimi sitatoka kwa hema,” aliniambia tulipokuwa tunarudi Nairobi baada ya mazishi. “Wewe uko na mikono. Jenga.”

Mimi ni fundi wa mbao. Ni mwanamke pia, na nimechoka kuelezea watu jambo hilo, kwa hiyo sitalieleza. Karakana ninayofanya kazi iko pembeni mwa soko la Gikomba, nyuma ya mafundi wa vitanda, mahali ambapo vumbi la randa huingia hata kwenye chapati. Wenzetu hutengeneza makabati na majeneza. Sisi tunagundisha boriti. Unachukua mbao za kawaida za saiprasi, zilizokauka sawasawa, unazipiga randa mpaka zilaliane bila mwanya, unazipaka gundi, unazipanga moja juu ya nyingine, unazikaza kwa vibanio vya chuma, unaziacha. Ukija kufungua vibanio huna tena mbao nyingi, una boriti moja, ndefu na yenye nguvu kuliko ubao wowote utakaoupata sokoni. Gundi ile ikishika imeshika. Ukiipasua boriti kwa shoka, itapasukia kwenye mbao yenyewe na penye gundi patabaki vilevile. Naipenda kazi hii kwa sababu hiyo, maana nimekaa sana na watu.

Basi kanisa lilipofikia kujenga ukumbi wa mawe, kamati ilitaka jambo moja: nguzo zisiwepo katikati. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mstaafu wa ofisini anayekaa Donholm, alisema nguzo humficha mhubiri na kuwapa watu mahali pa kusinzia. Alikuwa mtu mzuri yule mzee, msafi wa mikono na wa viatu, ila akishasema jambo halirudi nyuma. Mhandisi kijana, ambaye shangazi yake alikuwa muumini mwenzetu, akachora ukumbi ambao paa lake lilibebwa na boriti za kugundisha kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti zenyewe zilikuwa na kimo kirefu na unene mdogo. Karakana yetu ikapewa kazi. Sijawahi kufurahi vile. Niliingia kazini kabla ya mlinzi kufungua geti, nikipiga randa kama mtu anayetayarisha harusi yake.

Jumapili moja baada ya ibada nilimweleza mama jinsi zile boriti zilivyo. Nilichukua rula ya plastiki, nikaisimamisha kwa ukingo juu ya vikombe viwili, nikaikandamiza kwa kidole. Haikuinama kwenda chini. Ililala ubavu, ikaruka mezani.

“Unaona,” nikamwambia. “Boriti nyembamba yenye kimo, ukiibebesha mzigo, upande wake wa chini unavutika na ule wa juu unabanwa. Kinachobanwa hutafuta pa kutorokea. Hutorokea kando, na boriti yote inajipinda na kukifuata.”

Mama aliiokota rula akaitazama.

“Ni kama ndoo ya maji kichwani,” akasema. “Si uzito huangusha mtu. Ni kuyumba. Ukipata wa kukushika ubavuni, unafika.”

Nilicheka. Alikuwa amemaliza somo lote, na chai haijapoa.

Kwa hiyo boriti hushikwa ubavuni. Juu yake hupita pau za kupigiliwa mabati, lakini pau peke yake hazitoshi, kwa sababu watu walioshikana mikono wakiyumba upande mmoja huanguka wote pamoja. Lazima kuwe na mbao nyingine fupi, zilizokazwa kati ya boriti na boriti, na nyingine zilizokatizana kwa mshazari, ili ule myumbo upelekwe hadi ukutani na kuishia huko. Karakanani tuliziita mbao za ubavu. Hazipendezi macho. Hazibebi paa, hazibebi mtu. Ukisimama chini ukatazama juu, utadhani fundi alikuwa na vipande vimebaki akaona asivitupe. Mhandisi alizichora kwa wino mwekundu, na siku ya kuzipandisha alikuja mwenyewe akapanda ngazi akazitikisa moja moja kwa mkono.

Sasa nieleze kuhusu viti, maana bila viti hutaelewa upumbavu wetu.

Kanisa letu la hema lilikuwa na desturi. Kila familia ilileta viti vyake vya plastiki, ikaandika jina lake kwa rangi mgongoni. Ukija mgeni unakaa kwenye jina la watu. Kulipotokea ugomvi, na ugomvi haukukosa, watu wenye hasira walisimama baada ya ibada, wakabeba viti vyao kichwani wakaenda zao. Wakipoa, walirudi navyo. Hakuna aliyeona ubaya. Kitu ulichokitoa kwa Mungu kilikuwa cha Mungu mradi wewe mwenyewe ungali pale. Hema halikujali. Viti viwepo visiwepo, turubai lilikaa vilevile.

Wakati wa kupandisha paa, mwenyekiti alipata wazo, na nikiri kwamba hata mimi lilinigusa. Alisema kila familia itoe mbao moja ya ubavu kwa ukumbusho wa mtu wao aliyetangulia. Watu walikuja Gikomba siku za kazi, wakasimama kwenye vumbi langu, nikawachongea jina la marehemu wao kwa patasi kabla mbao haijapanda. Mama alikuja kwa ajili ya baba. Alikaa kwenye benchi akinielekeza, eti herufi ya kwanza iwe kubwa kidogo, baba yako alikuwa anapenda kujionyesha.

Alikuja pia rafiki yake mama. Huyu mimi namwita anti tangu nikiwa mdogo, ingawa kwao ni Murang’a na kwetu ni magharibi na hatuna damu moja. Anauza mitumba Gikomba, nguo za watoto, na yeye na mama waliomba pamoja kila Jumatano tangu zamani za hema la kwanza. Anti alitoa mbao kwa ajili ya mwanawe wa pekee, aliyeuawa na gari kwenye Kangundo Road. Nilipokuwa nachonga jina lile, aliweka kiganja chake juu ya mbao, karibu kabisa na patasi, nikamwambia, “Anti, toa mkono, nitakukata.” Hakuutoa. Nilichonga pole pole nikiuzunguka mkono wake.

Mbao ya baba na mbao ya yule kijana zilipigiliwa jirani, kwenye boriti ya katikati. Mama na anti waliomba iwe hivyo.

Mabati yakapigiliwa. Ukumbi ulikuwa bado hauna sakafu wala dari, lakini ulikuwa na paa, na mama alisimama mlangoni tu. Hakutaka kuingia. Alisema ataingia siku ya kuuweka wakfu, kwa mguu wa kulia, akiwa na viatu vyake vizuri. Tayari miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Daktari alikuwa ametwambia ni moyo, na kwa namna alivyolisema nilijua hatusemi habari ya miaka mingi. Mama naye alijua. Basi tukawa tunashindana, ukumbi na moyo wake, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama katikati na nyundo.

Ndipo mchungaji akapewa uhamisho.

Sitaki kuandika mengi juu ya lile, linanichosha. Nusu ya kanisa ilisema aende, nusu ikasema haendi. Watu walioombeana usiku na mchana wakaanza kuulizana ni nani aliyewaleta mjini. Matusi yakarushwa juu ya kiwanja kilekile tulichopakulia pilau wakati wa Krismasi. Mwishowe mchungaji aliondoka na nusu yake, wakakodi darasa la shule moja huko mbele, na kabla ya kuondoka walifanya kama walivyozoea. Walikuja kuchukua viti vyao.

Na safari hii hawakuishia kwenye viti.

Nilipata habari nikiwa kazini. Nilifika Njiru nikakuta ngazi zimeegemea boriti, na vijana wa upande ule wako juu wakichomoa misumari, na chini wazazi wao wakipokea mbao kwa heshima, wakizifunika kwa leso kama watoto wachanga. Nilipiga kelele. Niliwatukana, sina haja ya kuficha. Niliwaambia zile si viti.

“Tulia, fundi,” kijana mmoja akanijibu kutoka juu. “Hizi ndogo hazishikilii kitu. Hatujagusa beam zenu, relax.”

Anti alikuwa pale chini, amesimama peke yake.

“Anti, si wewe,” nikamwambia. “Tafadhali. Unajua mama anangoja nini.”

“Mama yako ni dada yangu, hiyo haijaisha,” akasema. “Lakini hapa nimeitwa mwizi wa sadaka mbele ya watu. Jina la mtoto wangu haliwezi kukaa juu ya vichwa vya watu kama hao. Hapana. Wacha nimbebe mtoto wangu niende naye.”

Ningemchorea rula na vikombe? Mbao ya mwanawe ilishushwa, akaipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo bila kugeuka. Kati ya boriti na boriti yalibaki matundu ya misumari na vipande vichache vya upande wetu, vimetawanyika. Mbao ya baba ilibaki.

Na paa halikuanguka. Ningependa kusema lilitikisika, kwamba lilitoa mlio. Halikufanya lolote. Siku ya pili lipo, wiki ya pili lipo, na watu wakaanza kunicheka. Kitu kikikosa kushikwa ubavuni hakianguki saa ileile. Hukaa kikisubiri sababu ndogo. Mhandisi alikuja, akatazama juu kwa muda mrefu, akasema mbao za ubavu zirudishwe zote kabla hakijaongezwa chochote juu wala chini ya boriti zile. Akamwambia mwenyekiti hivyo, akampigia simu tena, akaja tena.

Nami nilikata mbao mpya. Nilizibeba kutoka Gikomba kwa mkokoteni mpaka stendi, nikazifikisha Njiru, nikazipanga kando ya ukuta. Ilikuwa kazi ya siku moja tu kuzipandisha. Siku moja.

Mwenyekiti alikataa.

Nilimfuata mpaka kwake Donholm. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea chai na mkate uliopakwa siagi. Aliniambia, “Dada fundi, nakuelewa. Lakini wale watu wanangoja kuona tukihangaika. Tukipandisha mbao mpya wataambiana, umeona, bila sisi paa lao linawaangukia. Wiki hizi tatu limesimama. Na limesimama kwa neema.”

“Limesimama kwa sababu bado ni tupu,” nikasema. “Uliza mhandisi.”

“Mhandisi?” Akatabasamu kwa huzuni. “Shangazi yake ameenda upande gani?”

Shangazi yake alikuwa ameenda na mchungaji. Nikanywa chai yangu. Unaweza kumshinda mtu asiyejua. Yule mzee alijua. Mwanzoni kabisa, mhandisi alipochora, ndiye aliyeuliza maswali mazuri kuliko sisi wote. Alikuwa ameamua tu kwamba kuonekana amehitaji watu waliomwacha ni aibu kubwa kuliko paa kuanguka.

Sakafu ikamwagwa, na ili matundu ya misumari yasionekane siku ya kuweka wakfu, wakaweka dari. Dari nzuri, nyeupe, bodi za jasi zilizoning’inizwa kwenye boriti zilezile, pamoja na taa na mafeni. Mzigo mpya, na boriti zikiwa uchi ubavuni. Mbao zangu mpya zilikaa nje kando ya ukuta zikinyeshewa, na watoto wa shule ya Jumapili wakizifanya daraja.

Mama wakati huo alikuwa halali chali tena. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, akihema kama aliyepanda kilima. Kila nikirudi kutoka kazini swali lake lilikuwa moja.

“Wamezirudisha?”

Nilifikiria kumdanganya. Binti mwingine angemdanganya. Lakini mama alikuwa ameshika ile rula kwa mkono wake mwenyewe, na mimi kumdanganya juu ya boriti kungekuwa kumdharau.

“Bado, Mama.”

“Basi nitangoja,” alikuwa akisema. Halafu alifunga macho, akarudi kwenye kazi yake ya kupumua.

Juma la kuweka wakfu, mvua za masika zilianza na upepo. Mwanamke mmoja aliyekwenda kudeki ukumbi aliona ufa kwenye dari, umenyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Asubuhi iliyofuata vipande vya bodi vilikuwa sakafuni. Waliniita. Nilipanda ngazi nikatoa kichwa kwenye tundu la dari nikiwa na tochi, na ninachokumbuka kwanza ni harufu ya saiprasi, harufu ya karakana, ikaniingia kana kwamba niko kazini tu na siku ni ya kawaida.

Boriti ya katikati ilikuwa imelala. Ukingo wake wa juu ulikuwa umetoroka kando kabisa, ukazikokota pau na misumari yake, na pale inapokalia ukuta ilikuwa imejisokota mpaka mbao ikapasuka kwa urefu. Gundi haikuachia. Nilipitisha kidole kwenye ufa nikahakikisha. Ilikuwa imepasukia kwenye mbao, kama nilivyosema. Boriti jirani nazo zilikuwa zimeanza kuifuata. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo boriti ile ilikuwa bado imesimama wima, kipande kifupi kama dhiraa moja, na hapo ndipo ilipokuwa mbao yenye jina la baba. Upande wake wa kushoto imepinda, upande wake wa kulia imepinda, katikati baba ameshika.

Nililia nikiwa kwenye ngazi. Nililia kwa hasira, nikimtukana mwenyekiti, nikimtukana mchungaji, nikimtukana yule mtoto aliyeniambia relax. Chini yangu watu walitazama miguu yangu.

Wakaguzi wa majengo walikuja wakafunga mlango, wakachora X kubwa nyekundu ukutani, rangi ikichuruzika mpaka kwenye maua tuliyopanda. Kurekebisha kulihitaji kuvua paa lote, kushusha boriti, kuanza upya. Hilo lingewezekana. Lakini upande wa mchungaji ulikuwa umekwenda mahakamani kudai kiwanja, na upande wetu ukajibu, na mahakama ikaagiza mtu yeyote asiguse chochote mpaka kesi iishe. Kesi haijaisha. Wakati ninapoandika haya haijaisha, na sioni wa kuimaliza, kwa sababu kila upande unaamini Mungu ni shahidi wake.

Mama alikufa akiwa ameketi, mchana, nikimpikia uji. Swali lake la mwisho lilikuwa lilelile, na jibu langu lilelile.

Nilitafuta ukumbi mwingine kila mahali. Darasa, kanisa la watu wengine, hata baraza la chifu. Ndugu zetu walisema hapana, mama ni wa kanisa hili, atatolewa kanisani kwake kisha tusafiri. Na kanisa lake lilikuwa nini? Hema la kukodi, limewekwa kwenye udongo mweusi mbele ya ule ukuta wenye X. Walilisimamisha palepale alipotolewa baba. Niliwatazama wakigonga vigingi, na sikuwa na nguvu hata ya kugombana.

Siku ya ibada walikuja watu wa pande zote mbili. Upande wetu ulikaa kulia, upande wa mchungaji kushoto, katikati jeneza. Anti alikuja amechelewa. Alikuwa amebeba kitu kirefu kimefungwa leso, na nyuma yake familia nyingine nne au tano nazo zimebeba. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, akakifungua.

“Nimemrudisha,” akasema. “Nataka akae tena karibu na baba yako. Mama yako aingie.”

“Anti, pamefungwa.”

“Si wewe ni fundi? Si uko na nyundo?”

Nikamwonyesha ile X. Kumbe hakuwa ameelewa. Alidhani mbao ikirudi, boriti itarudi, kama vile viti vilivyorudi zamani na hema likawa kanisa tena. Alitazama ukuta, akatazama mlango wenye mnyororo, akaitazama mbao mikononi mwake. Uso wake ukavunjika. Nilikuwa nimengoja miezi mingi kumwona hivyo, na nilipomwona sikupata raha yoyote.

Upepo ukaanza kabla ya mahubiri. Udongo mweusi ukilowa haushiki kigingi, na hema likaanza kulala upande wa kushoto, nguzo moja ikifuata nyingine. Vijana waliruka. Walichukua kilichokuwa karibu, zile mbao za ubavu zilizorudishwa na zile mpya zangu zilizokuwa zinaoza kando ya ukuta, wakazikita kwa mshazari kwenye nguzo za hema, wakazikaza kwa mawe. Hema likatulia. Mhubiri aliona hapo somo, akapaza sauti kwamba tazameni ndugu, umoja. Watu wakasema amina. Mimi nilimtazama nikatamani anyamaze. Siku moja ya kazi ile, miezi ile, na mama yangu angekuwa ndani amefunikwa na kivuli cha paa.

Kisha mvua. Hema halikuanguka, lilikuwa limeshikwa ubavuni sawasawa. Lakini turubai ni turubai. Maji yakakusanyika juu ya jeneza, tumbo likashuka, nikaliona likishuka, na kila mtu aliyekuwepo siku ya baba naye aliliona. Anti alisimama. Aliinua mbao ya mwanawe kwa mikono miwili akasukuma lile tumbo juu, ili maji yamwagikie nje. Mikono yake ilikuwa mizee. Mbao ikateleza, na maji yakashuka yote juu ya mama.

Nikavua leso yangu. Anti akavua yake. Tukafuta, mimi upande huu, yeye upande ule.

Ndipo nilipogundua kwamba hakuna anayeimba. Wa kulia walikuwa wanangoja wa kushoto waanzishe wimbo, na wa kushoto walikuwa wanangoja wa kulia. Walitazamana hivyo juu ya jeneza mpaka tulipomaliza kufuta, na maji tuliyasikia yote.